Ulimbikizaji wa Metali Nzito katika Chaza na Viumbe Wengine wa Majini: Kwa Nini Upimaji wa Maji Pekee Hautoshi

1.0 Utangulizi

Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali, wanawake na watoto katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki huingia kwenye matope ya mikoko kuokota chaza, kombe na konokono wa kitoweo. Baadhi ya maeneo ya pwani, kama vile mlango wa Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, hupokea maji yaliyopita kwenye viwanda, gereji na makazi. Swali linaloulizwa kwa kawaida ni iwapo maji hayo ni safi. Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo halitoshi: maji yanaweza kupimwa na kukutwa na metali kidogo sana, ilhali mnyama aishiye ndani yake amebeba kiasi cha kutia shaka kwa mlaji.

2.0 Metali kutoka majini hadi kwenye mashapo

Risasi, kadimiamu, zebaki, shaba na zinki haziozi wala haziangamizwi na bakteria, tofauti na maji ya vyoo au mabaki ya chakula. Maji baridi ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, chembe laini za udongo hugandamana na kuzama pamoja na sehemu kubwa ya metali. Mizizi ya mikoko hupunguza kasi ya maji na kuyawezesha mashapo kutulia. Matokeo yake ni kwamba maji ya juu huwa na metali kidogo, huku tope likigeuka ghala. Aidha, sampuli moja ya maji hueleza hali ya saa ileile tu; ikichukuliwa bahari imejaa, maji ya mto huwa yamekwisha kuzimuliwa.

3.0 Namna chaza anavyolimbikiza metali

Chaza hula kwa kuchuja. Maji hupitishwa kwenye matamvua, chembe hunaswa kwa ute na kupelekwa kinywani. Chaza aliyekomaa anaweza kuchuja lita kadhaa za maji kwa saa. Hivyo basi, metali humwingia kwa njia mbili: iliyoyeyuka hupenya kwenye matamvua, na iliyoshikamana na chembe humezwa pamoja na chakula. Kasi ya kuingia inapozidi kasi ya kutoka, ulimbikizaji hutokea.

Ndani ya mwili, metali kama kadimiamu, shaba na zinki hufungwa na protini ziitwazo metalothionini, au huhifadhiwa katika punje ndogo ndani ya seli, hasa kwenye tezi ya umeng'enyaji. Utaratibu huu humkinga chaza mwenyewe, lakini haumkingi anayemla. Samaki mkubwa hutolewa matumbo kabla ya kupikwa. Chaza huliwa mzima, pamoja na tezi hiyo. Kwa hiyo, afya ya chaza si ushahidi wa usalama wa chakula.

Spishi nazo hutofautiana. Chaza huhifadhi zinki kwa wingi, ilhali kamba wengi hudhibiti kiwango cha zinki mwilini mwao.

4.0 Ulimbikizaji na uongezekaji katika mnyororo wa chakula

Dhana hizi mbili huchanganywa mara kwa mara. Risasi hulimbikizwa mwilini mwa chaza, lakini kwa kawaida kiwango chake hakipandi kadiri mnyama mmoja anavyomla mwingine. Zebaki ya methili ni tofauti: huongezeka kutoka ngazi moja ya mlo hadi nyingine. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki hiyo kuanzia mwaka 1932 hadi 1968, na ugonjwa uliowapata walaji wa samaki na chaza wa ghuba hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Funzo la kimbinu ni kwamba, katika Ziwa Viktoria, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kanda hiyo hutumia zebaki, upimaji hauna budi kumhusisha samaki mla samaki kama sangara.

5.0 Athari kwa upimaji na kwa mlaji

Mwaka 1975 Edward Goldberg alipendekeza kome watumike kufuatilia uchafuzi wa bahari, kwa kuwa miili yao hutunza kumbukumbu ya miezi. Hata hivyo, matokeo hupotosha yasiposomwa kwa uangalifu. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa miligramu 1.0 ya kadimiamu na 1.5 ya risasi kwa kilo ya nyama mbichi ya chaza na jamii yake. Tafiti nyingi hutoa viwango kwa uzito mkavu. Kwa kuwa takribani asilimia 80 ya nyama hiyo ni maji, takwimu za uzito mkavu hukaribia kuwa mara tano zaidi. Kuzilinganisha moja kwa moja ni kosa. Tope lililomo tumboni mwa chaza nalo lisipotolewa kabla ya upimaji, huhesabiwa kana kwamba ni nyama.

Kwa mlaji, kuchemsha huua vijidudu lakini hakuharibu metali. Kumweka chaza katika maji safi kwa siku mbili humtoa tope. Kadimiamu huhitaji wiki au miezi kupungua. Katika figo za binadamu, nusu ya kadimiamu hukaa kati ya miaka 10 na 30.

6.0 Hitimisho

Metali haina harufu wala ladha ya kumwonya mwokotaji, na hakuna mbinu ya jikoni ya kuiondoa. Kinga iliyopo ni kuizuia kabla haijafika mtoni, na kupima kile kinacholiwa badala ya kuishia kwenye maji.