KAZI NA AKAZI



Neno hili tunalitamka mara ishirini kabla jua halijafika utosini. Naenda kazini. Nimetoka kazini. Kazi imekwisha. Kazi hakuna. Ni silabi mbili tu, hata mtoto anayeanza kusema analiweza. Lakini hapa Burundi mtu huongea Kirundi na mama yake, huongea Kiswahili sokoni na kwa fundi, na ofisini huandikiwa Kifaransa kwenye karatasi. Kwa hiyo neno hili kwetu si moja. Anayesema "kazi" na anayesema "akazi" wanaweza kusimama kwenye mashine moja wakadhani wamesema jambo moja, kumbe hapana. Na tofauti hiyo inafika mpaka mfukoni.

Tuanze na Kiswahili. Katika Kiswahili kazi ni jambo pana. Anayelima shamba lake yuko kazini, na anayempikia mgonjwa anafanya kazi. Moyo una kazi yake, kusukuma damu, na chumvi ina kazi yake ndani ya mchuzi. Hata shida tunaiita kazi: mtu akitazama mlima mrefu mbele yake na gunia kichwani husema, "Hapa pana kazi." Ndani ya neno lenyewe hamna mshahara wala hamna bwana. Habari za malipo Kiswahili kiliziazima kwa Waarabu. Ajira ni ndugu wa ujira. Mshahara asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, yaani malipo ya mwezi mzima. Neno hilo limepanda milima mpaka kwenye Kirundi, tunasema umushahara, na ule mwezi umesahaulika ndani yake. Ndiyo maana mtu huambiwa umushahara wake ni wa siku, na hakuna anayeshangaa.

Na kibarua je? Kibarua ni barua ndogo. Zamani kule pwani mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kumwonyesha mlipaji jioni. Jina la karatasi likahama, likamkalia mtu.

Sasa tuje Kirundi. Kirundi hakikukosa maneno. Kulikuwa na gukora, yaani kufanya, igikorwa, tendo au kazi inayofanywa, umurimo, shughuli ya mtu, umukozi, mtendaji, na ikivi, kile kipande cha ardhi ambacho mlimaji hujipimia akimalize siku hiyo. Mtu haazimi jembe wakati lake liko nyuma ya mlango. Basi kwa nini Warundi waliazima neno la pwani? Waliliazima kwa sababu lilikuja pamoja na kitu kipya.

Burundi ya milimani ilichelewa kufungua mlango. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza wa Ujiji, na misafara ya pembe na watumwa haikuitawala nchi hii kama ilivyotawala ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo Kiswahili hakikuingia bara kwa biashara peke yake. Kiliingia kwa boma. Wajerumani walijenga boma lao Usumbura mwaka 1897, na mwaka 1903 wakamtia Mwezi sahihi ya Kiganda. Lugha yao ya kuendesha Afrika Mashariki ilikuwa Kiswahili: cha askari, cha karani, cha nyapara. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, nao pia wakaona kwamba Kiswahili kinafaa kwa kuamuru.

Mrundi wa kilimani hakulisikia neno "kazi" kwa mwimbaji wala kwa mwalimu. Alilisikia kwa mtu aliyekuja na orodha. Barabara ichimbwe, bonde likaushwe, miti ipandwe, mihogo ilimwe, na tangu miaka ya 1930 kahawa ipandwe pia, utake usitake. Chifu na chifu mdogo walipaswa kutoa watu, na asiyewatoa alikuwa hatarini kupoteza cheo chake. Asiyefika alikutana na ikiboko. Hilo nalo ni neno letu la Kiswahili, kiboko, fimbo ya ngozi ya mnyama wa mtoni, na limevaa nguo ya Kirundi vilevile. Si kwamba zamani hapakuwa na kumtumikia mkubwa. Watu walilima kwa watawala na kupeleka ikoro. Lakini hii mpya, isiyo na uso, yenye hesabu na daftari, ilipewa jina lake: akazi. Rwanda pia waliiita hivyo.

Tazama jinsi Kirundi kilivyolipokea neno. Kiswahili husema "kazi yangu". Kirundi kiliisikia ile "ka" ya mwanzo, kikaichukua kama alama yake ya vitu vidogo, ile ya akana, mtoto mdogo, na akazu, nyumba ndogo. Kikaweka "a" mbele, na leo tunasema akazi kanje. Kwa sarufi, kazi ikawa kakitu kadogo. Waliokuwa wakiibeba mgongoni hawakuiona ndogo.

Wengi walikimbia. Walivuka kwenda Uganda kwenye pamba na kahawa ya Waganda, na wengine walikwenda Tanganyika kwenye katani, safari iliyoitwa manamba, kwa sababu mtu aliandikwa namba. Walitafuta fedha za kodi na waliikimbia akazi. Huko Tanganyika wakakutana na kipande: kadi yenye nafasi za siku thelathini. Ukimaliza kiasi ulichopimiwa, siku inatiwa alama. Usipomaliza, au nyapara akiwa na chuki nawe, siku hiyo umefanya bure. Mpaka kadi ijae ndipo ulipwe. Nani kati yenu wa mashambani hasikii hapo jambo analolijua? Leo kapita anapima ikivi kwa fimbo yake, na fimbo hiyo huota urefu msimu wa mavuno. Ikivi ya zamani aliipima mwenye jembe mwenyewe. Jina limebaki, mpimaji amebadilika.

Tusidhani ni sisi peke yetu ambao neno la kazi limetuumiza. Kamusi nyingi za Kifaransa husema kwamba "travail" lilitoka katika neno la Kilatini "tripalium", miti mitatu ya kumfungia mtu na kumtesa. Hata leo chumba cha hospitali ambamo mama anangoja kujifungua, katika uchungu wake, Wafaransa wanakiita "salle de travail". Kijerumani cha zamani kilisema "arbeit" kwa maana ya taabu na dhiki. Na zile mashine zinazotishia nafasi zetu viwandani, roboti, jina lao limetoka Chekoslovakia. Mwaka 1920 Karel Čapek aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu watu wa kutengenezwa wafanyao kazi za binadamu. Ndugu yake Josef akampa jina la kuwaita, kutokana na "robota", kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi bila malipo. Kwa hiyo roboti kwa jina lake ni mtu wa akazi. (Wenye mitambo hawatuambii hilo.)

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 neno letu liligeuka. Akazi ikaacha kuwa kitu cha kukimbiwa, ikawa kitu cha kutafutwa. Afise akazi, yaani ana nafasi, ana mshahara, anaweza kukopeshwa dukani. Mzazi aliyemwona baba yake akipigwa kwa ajili ya akazi sasa anamwombea mwanawe apate akazi. Mambo haya hutokea kwa maneno kama yanavyotokea kwa watu.

Lakini kugeuka huko kuna hasara yake. Kwa kuwa akazi sasa ni ile ya kuandikishwa na kulipwa, yote yaliyobaki yamekosa jina. Mwulize mama wa Muramvya au wa Kayanza aliyeamka na jogoo, akachota maji, akalima, akapika, akalima tena. Mwulize anafanya kazi gani. Atakujibu, "Nta kazi mfise." Sina kazi! Kwa Kiswahili jibu hilo ni la kuchekesha, kwa Kirundi ni la kawaida kabisa. Na mtu aliyezoea kusema hana kazi, siku akiitwa kuchambua kahawa kwa msimu, hupokea chochote anachopewa na kushukuru. Wenye kuajiri wanalijua hilo kuliko sisi.

Jambo la pili ni hili, nami naomba mlisome polepole. Wengi wetu tunafikiri akazi ya mkoloni ilikuwa mbaya kwa sababu hapakuwa na malipo. Si hivyo tu. Mara nyingine yalikuwapo malipo, senti kidogo. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika mkataba wake wa mwaka 1930 juu ya kazi ya lazima, mkataba namba 29, halikuuliza kama mtu alilipwa. Liliuliza mambo mawili: je, kuna tishio la adhabu? Je, mtu alijitoa kwa hiari yake? Kazi inayodaiwa kwa tishio la adhabu, na ambayo mtu hakujitoa kuifanya, ni kazi ya lazima, hata kama jioni alipewa faranga. Nchi yetu iliridhia mkataba huo mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya kupata bendera.

Kwa hiyo kapita akisema, "Leo hakuna kutoka mpaka gari lijae, anayetoka asirudi kesho," msihesabu kwanza saa za ziada. Hesabuni kwanza lile neno "asirudi".

Serikali nazo huchagua maneno. Sheria ya tarehe 29 Mei 1979 ilipowataka wananchi wafanye kazi za maendeleo ya jumuiya, zile tunazozijua kwa siku ya Jumamosi, hazikuitwa akazi. Jina hilo lilikuwa na makovu. Ziliitwa ibikorwa rusangi, matendo ya pamoja. Ni jina zuri, na shule nyingi zimejengwa kwa mikono hiyo. Lakini wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani kwa miaka mingi waliiomba serikali iandike waziwazi katika sheria kwamba kazi hizo ni za hiari. Waliangalia yale mambo mawili, hawakuangalia jina. Hapo hapo niseme neno la pembeni: serikali kwa Kirundi ni Leta, kutoka Kifaransa "l'État". Mswahili wa Buyenzi akilisikia anadhani ameagizwa kitu. Leta! Wazee wamecheka sana kwa hilo, na si kila mara kwa furaha.

Malipo nayo tuyataje. Mshahara wa chini uliowekwa mwaka 1988 ulikuwa faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko. Miaka thelathini baadaye takwimu hizo zilikuwa bado zimeandikwa vilevile, wakati hazitoshi hata chupa moja ya limonadi. Sheria yenye mshahara wa namna hiyo inasema akazi, lakini inalipa kama enzi za orodha.

Sasa tazameni karatasi zenu. Kwenye nyingi neno la Kirundi au la Kiswahili halimo kabisa. Mmeandikwa "journalier" au "saisonnier". La kwanza maana yake ni mtu wa siku moja, na la pili ni mtu wa msimu. Yuko mama anayechuma chai kwenye mistari ileile mwaka wa sita huu, mvua na kiangazi, na karatasi yake inasema yeye ni wa siku moja. Mwenye kampuni hakukosea kuandika. Mtu wa siku moja hana likizo na hana kiinua mgongo, na kesho anaweza kuambiwa siku yake ilikwisha jana.

Kabla ya kutia dole gumba, karatasi isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoiota usiku. Asiyejua Kifaransa amwite mjumbe wa sendika wa kiwanda au wa shamba lake amtafsirie neno kwa neno, hasa lile linalofuata jina lake. Wale ambao wamefanya kazi zaidi ya msimu mmoja mahali pamoja, na bado wameandikwa wa siku, walete nakala ofisini kwetu na kadi zao za mahudhurio, hata zilizochakaa. Na asiye na kadi alete majina ya wenzake wawili waliokuwa naye kwenye mstari.