Jinsi Kiwanja cha Gofu Kinavyopangwa

Mtu apitaye mjini Machakos na kukiona kiwanja cha gofu chenye mashimo 9 huenda akadhani kwamba kutengeneza kiwanja cha namna hiyo ni kufyeka majani, kuchimba mashimo na kusimika bendera tu. Sivyo. Kiwanja cha gofu hupangwa kwa hesabu kama shamba jema, na mpango ukikosewa huharibika mchezo na udongo pamoja.

Neno "shimo" katika mchezo huu lina maana mbili. Kwanza ni kile kitundu chenye upana wa inchi 4 na robo ambamo mpira hutumbukia. Pili ni njia nzima tangu mahali pa kuanzia hadi kwenye bendera. Katikati ya njia hiyo majani hukatwa mafupi, na kandokando huachwa marefu ili kumwadhibu apigaye upande. Mwisho wake ni uwanja mdogo wa majani laini sana. Zamani, katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, uwanja huo mdogo ulifanywa kwa mchanga uliochanganywa na mafuta, kwa sababu maji ya kunyweshea majani hayakutosha.

Mashimo hayalingani kwa urefu. Lililo fupi, chini ya yadi 250 hivi, hukadiriwa mapigo 3. La wastani mapigo 4. Na lililo refu, kupita yadi 470 hivi, mapigo 5. Mchezo kamili ni mashimo 18, desturi iliyoanza St Andrews, Scotland, mwaka 1764. Penye mashimo 9, wachezaji huzunguka mara mbili.

Mpangaji hodari hapendi kumsaidia mwenye nguvu peke yake. Huweka shimo la mchanga pale hasa ambapo mpira wa mtu apigaye bila kufikiri utaangukia, na kando yake huacha njia salama kwa mwenye subira. Tena hulitazama jua, ili anayeanza asubuhi asielekee mashariki na kupofushwa na mwanga. Hutazama barabara na vijia vile vile, maana mpira mgumu uliopotea huweza kumwumiza mpita njia.

Lakini katika nchi ya vilima kama Iveti na Mua, jambo kubwa ni maji. Mvua za Machakos huja kwa misimu miwili, nazo huweza kunyesha kwa nguvu juu ya ardhi iliyokauka. Njia ya mchezo ikinyoosha moja kwa moja kuteremka mlima, maji huifuata, huchimba korongo na kuchukua udongo. Kwa hiyo yafaa njia ikate mteremko, mifereji iyapokee maji taratibu, na uwanja wa bendera uinamishwe kidogo ili maji yasituame.

Wakulima wa Machakos wanalijua somo hili. Katika miaka ya 1930 udongo wao ulimomonyoka vibaya, na katika miaka iliyofuata walichimba matuta mengi ya "fanya juu", yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, hata vilima vikageuka kuwa ngazi za mashamba.

Basi mwenye jembe na mwenye fimbo ya gofu wana sheria moja: asiyeyapangia maji njia, maji yatajipangia yenyewe.