Diski ya Kompyuta ya Tawi: Kagueni Kabla ya Kutia Sahihi



Tawi linaloweka kumbukumbu zake katika kompyuta limeweka mali kubwa humo: orodha ya wanachama, ada, hesabu ya saa za ziada na madai ya fidia ya walioumia kazini. Vyote hukaa ndani ya diski. Ikiharibika, aliyekatwa kidole na mashine huenda akakosa ushahidi. Kwa hiyo fundi akimaliza kufunga diski, katibu asitie sahihi mpaka ameikagua kazi hiyo.

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya kwanza yenye diski ya aina hii. Ilikuwa na sahani 50 na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya leo ya inchi 3.5 hushikwa kwa mkono mmoja, lakini kazi yake ni ile ile: sahani huzunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea hupita juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Wenzetu wa viwandani wanajua kwamba mashine inayozunguka isipokazwa vizuri hutikisika, na mtikisiko huzaa ubovu.

Zimeni kompyuta na chomoeni waya wa umeme. Fungueni kasha, guseni chuma chake kisichopakwa rangi ili umeme uliotuama mwilini ushuke, kisha tazameni haya:

1. Diski ilale sawa au isimame wima, isikae mshazari. Ikazwe pande zote mbili. Isukumeni kidogo: ikicheza, kazi haijaisha.

2. Skrubu ziwe zake. Za diski ya inchi 3.5 ni nene kuliko za inchi 2.5. Ya kulazimishwa huua hesi. Iliyo ndefu mno huweza kuumiza diski.

3. Hewa ya feni iifikie. Diski mbili zisibanane kama kuna nafasi nyingine. Tundu dogo la kupumulia, kama lipo, lisizibwe.

4. Nyaya za umeme na za kupitisha habari ziingie mpaka mwisho, zisivutwe wala kugusa feni.

5. Diski mpya za inchi 2.5 zisizo na sahani hazisumbuliwi sana na mtikisiko. Hata hivyo zifungwe katika kishikio chake, zisiachwe zikining'inia kwenye nyaya.

Fundi naye ni mfanyakazi mwenzetu, na kukagua kazi yake si kumdharau. Fundi mzuri hufurahi kuonyesha alichofanya.

Mwisho, hata diski iliyofungwa vizuri kabisa itakufa siku moja. Tawi liwe na nakala ya pili ya kumbukumbu zake, nayo ihifadhiwe mahali pengine, mbali na ofisi. Haki ya mwanachama isitegemee skrubu nne peke yake.