Ukiwa Hujasikia, Usiitikie "Yes"



Tunajuana. Mgeni wa mradi anafika hapa Endarasha, anaketi mbele na mwenyekiti, anaongea Kiingereza cha haraka haraka, na sisi sote tunatikisa vichwa: "Yes, yes." Gari lake halijafika hata Mweiga, tumeanza kuulizana, "Ati alisema nini?" Basi tumeonelea tueleze jinsi ya kumwomba mtu arudie maneno yake kwa Kiingereza bila kumkosea.

Kwa afisa, au mgeni ambaye hamjazoeana, sema "Could you repeat that, please?" yaani, tafadhali rudia hayo. Ukiona ni refu, "Pardon?" peke yake latosha. "Sorry?" nalo ni la adabu, ila sauti ipande mwishoni kama unauliza. Ikishuka, atadhani unaomba msamaha. (Sisi hulitumia pia kama "pole", hata kwa mtu aliyejikwaa, na wageni wa ng'ambo hushangaa kwa nini tunaomba msamaha na si sisi tuliomwangusha.)

Marafiki wakiongea, "Come again?" au "Say that again" halina neno. "What?" ndilo la kuchunga. Ni kama "Ati?" yetu: rafiki utamwambia, lakini mtoto akimjibu nyanya yake hivyo atakemewa. Na "I beg your pardon" ni la heshima sana, lakini likisemwa kwa ukali huwa kama kusema, "Wewe, umethubutu kuniambia hivyo?"

Hatari kubwa iko kwenye hesabu. "Fifteen" ni kumi na tano, "fifty" ni hamsini, na kwa masikio yetu yanafanana kabisa. Katika "fifteen" mwisho huvutwa. Katika "fifty" mkazo uko mwanzoni na mwisho ni mfupi. Hata hivyo msitegemee masikio. Mkopo wa shilingi 15,000 na wa 50,000 umepitana kwa 35,000. Hayo ni magunia mangapi ya viazi? Uliza waziwazi: "One five, or five zero?" Vivyo hivyo kwa "thirteen" na "thirty", hasa mkitajiwa tarehe ya kulipa.

Tena ni vizuri kuulizia pale tu ulipopotelea. Ukisema "repeat", huenda akarudia yote kwa mbio ile ile. Ukisema "Sorry, how much?" atataja pesa, "Sorry, which date?" atataja siku. Kisha mrudishie mwenyewe: "You said fifteen thousand, every month?" Akikubali, katibu aandike hapo hapo, kwa tarakimu na kwa maneno.

Na Kiingereza kikikataa kabisa? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo kumwambia afisa "Please explain in Kiswahili" si aibu. Mama anayetia kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo ana haki ya kuelewa kwanza.

Mkutano ujao, kabla ya kukusanya michango, jaribuni hivi: mmoja awe afisa, asome hesabu upesi upesi, na wengine wamsimamishe kwa maneno haya. Wazee nao waulize, wasiachiwe vijana wa sekondari peke yao.