MSHALE WAKO UNALALA WAPI?

Upinde si kitu kigeni kwetu. Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa wanajulikana tangu zamani kwa kulenga shabaha. Wagogo nao wana pinde zao. Lakini siku hizi vijana wengi wanapiga na kukosa. Mmoja analaumu jicho lake. Mwingine analaumu upinde. Mara nyingi kosa liko mahali padogo: pale mshale unapolala.

MKONO NDIO KITAKO

Upinde wetu ni mti wa mviringo. Haukuchongwa mahali pa kuweka mshale. Mshale unalala juu ya kidole cha mkono unaoshika upinde, kando ya mti. Kwa hiyo mkono wako ndio kitako cha mshale. Mkono ukihama, mshale nao unahama.

Fanya hesabu hii. Mshale una urefu wa sentimeta 80. Ncha yake imepotoka sentimeta 1 tu. Shabaha iko mbali meta 20. Utakosa kwa sentimeta 25 hivi. Huo ni upana wa shubiri moja na zaidi.

KWA NINI MSHALE HUENDA KANDO?

Kamba husukuma mshale kuelekea katikati ya mti. Lakini mshale hauko katikati, uko kando. Ukilala kushoto kwa mti, ncha hutazama kushoto kidogo. Ukiachiwa, mshale hupinda kama fimbo mbichi, huupita mti, kisha hunyooka.

Mshale mgumu mno haupindi vya kutosha. Huenda kushoto. Mshale mwembamba mno hupinda kupita kiasi. Huenda kulia. Mshale ukilala kulia kwa mti, mambo ni kinyume.

CHAGUA KITAKO

1. Kidole kitupu. Hakina gharama. Lakini unyoya uliofungwa vibaya hukata ngozi. Ukiogopa kukatwa, mkono hutikisika na shabaha hupotea. Funga vizuri ncha ya mbele ya kila unyoya.

2. Ngozi laini. Zungushia kidoleni au mkononi. Mkono hauumii, na mshale huteleza vizuri.

3. Kamba. Zungushia kamba nyembamba kwenye mti, juu kidogo ya mkono, mpaka uvimbe mdogo utokee. Mshale utalala hapo hapo kila siku, hata mkono ukihama kidogo.

Usichonge mti ili kupata kitako. Mti mwembamba ukikatwa hupungua nguvu, unaweza kuvunjika ukiwa mkononi mwako. Pinde za mashindano ya Olimpiki zina kitako maalumu, na nafasi iliyokatwa katikati. Lakini hizo zimetengenezwa nene na imara mahali hapo tangu mwanzo.

Tumia manyoya, usitumie plastiki. Unyoya hulala ukigusa mkono. Plastiki ngumu hugonga, na mshale huruka kando.

JIPIME

Jaza gunia majani makavu. Simama hatua 15. Piga mishale mitano inayofanana, ikilala kushoto kwa mti. Kisha tazama:

— Yote iko kushoto: jaribu mishale myembamba zaidi.
— Yote iko kulia: jaribu mishale minene zaidi.
— Imetawanyika juu na chini: kitako chako kinahama. Weka alama kwenye mti, ushike hapo hapo kila mara.

Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili vyote, hutajua kipi kimekusaidia.

TAHADHARI

Mshale hauna macho. Ukienda kando unaweza kumpata mtoto au ng'ombe wa jirani. Weka gunia mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo. Mtu yeyote asipite nyuma yake. Usitumie sumu.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Wanyama wakiharibu shamba lako, toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji, ili ofisa wa wanyamapori aitwe.

Kijana, mpelekee mzee upinde wako. Mwombe akuonyeshe mahali anapolaza mshale. Kisha upime mwenyewe kwenye gunia.