Mshale wa Joto Ukipanda Kabla ya Wundanyi: Ushauri kwa Wenye Magari ya Zamani

Gari la zamani linaloondoka Voi, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa kawaida hufika Mwatate bila shida. Taabu huanza barabara inapopanda kona baada ya kona kuelekea Wundanyi, mji ulio zaidi ya mita 1,300. Gia ni ndogo, injini inavuta kwa nguvu, na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Kasoro iliyojificha kwenye tambarare hujitokeza hapo.

Madereva wengi huuona mshale wa joto ukipanda lakini huamua kusukuma gari hadi kituo kinachofuata. Uamuzi huo ndio huua injini. Mpira wa maji uliopasuka ni gharama ndogo. Silinda hedi iliyopinda kwa joto huenda ikagharimu zaidi ya thamani ya gari lenyewe.

Mshale ukianza kupita mahali pake pa kawaida, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue madirisha. Abiria watalalamika, lakini hita huondoa sehemu ya joto la injini. Mshale usiposhuka mara moja, egesha mahali salama, zima injini, weka pembetatu za tahadhari na usubiri angalau nusu saa.

Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Kifuniko hicho hushikilia presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Kikifunguliwa, maji hayo huruka mara moja na kuunguza uso na mikono. Injini ikishapoa, funika kifuniko kwa kitambaa, kilegeze polepole, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto yanaweza kuipasua.

Chanzo mara nyingi huonekana kwa macho. Tazama mipira ya maji, mkanda wa feni na tone lolote chini ya pampu ya maji. Hakikisha feni inazunguka, na kwamba mapezi ya rejeta hayajazibwa na vumbi na wadudu. Raba ya kifuniko ikiwa imechakaa, kibadilishe. Ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi kwenye gari.

Baadhi ya mafundi hung'oa thamostati na kusema haina kazi katika nchi ya joto. Si kweli. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake, hunywa mafuta zaidi na huchakaa mapema. Iliyoharibika inapaswa kubadilishwa.

Oili ikifanana na chai ya maziwa, au moshi mweupe ukiendelea kutoka hata injini ikiwa imepata moto, huenda gasiketi ya hedi imeungua. Gari hilo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.

Maji ya mtoni yatumike kwa dharura tu, kwani huleta kutu na magadi ndani ya rejeta. Baadaye yamwagwe na kulanti ijazwe. Kulanti nyingi zina sumu yenye ladha tamu, hivyo ya zamani isimwagwe mtaroni au mahali ambapo mbuzi na mbwa hunywa maji.