Namba ya labo inaanzia kwenye joto: furu ya kolona na mambo yake



Wengi kati yetu, watu wa agronomia, tukipata kazi haiko kwenye shamba. Iko mu labo, kwenye kupima mahindi, karanga, kahawa, dawa za kunyunyizia. Pale unakuta mashini ya kromatografia. Wanakufundisha pompi, solvanti na ordinatere kwa siku mingi. Lakini kuhusu furu, kile kisanduku cha joto ambamo kolona inakaa, unaambiwa neno moja tu: “weka 40, uache.” Mimi naona hapo tunapita mbio sana.

Kwanza tukumbuke hii kazi ilitoka wapi. Ilianza na mtu wa mimea kama sisi, Mikhail Tswett. Mwaka 1903 kule Warsaw alieleza njia yake ya kutenganisha rangi za majani, na 1906 njo aliandika jina la kromatografia. Alipitisha dawa ya majani ndani ya bomba la kioo lenye unga wa chaki, na kila rangi ikashuka kwa mwendo wake. Mpaka leo wazo ni lilelile: vitu vinaingia pamoja, vinatembea ndani ya kolona kwa mwendo tofauti, vinatoka kila kimoja kwa saa yake. Mashini inachora kilele kila kitu kinapotoka.

Sasa angalia vizuri. Mashini haijui kama kitu kinaitwa aflatoksini. Inajua tu kwamba kitu fulani kimetoka dakika ya 8. Jina tunalitoa sisi, kwa kulinganisha na etaloni. Na ile dakika inategemea joto.

Kwenye HPLC ya kawaida, joto ikipanda degre 1, vitu vinatoka mapema kwa karibu 1 mpaka 2 kwa mia. Inaonekana kidogo, sivyo? Piga hesabu. Kilele cha dakika 8, joto ikipanda degre 5, kinasogea sekunde 24 mpaka 48. Aflatoksini zinatoka kwa mpangilio huu: G2, G1, B2, halafu B1. Kama B1 imesogea mbele na ordinatere bado inaitafuta pale pa zamani, inaweza kuandika “hakuna”, ao kuiita B2. Na B1 njo mbaya kuliko zote. Tena zinapimwa kwa mwanga zinaotoa chini ya UV, na ule mwanga nao unapungua joto ya detektere ikipanda. Kwa hiyo jina na kiasi, vyote viwili vinaguswa.

Hii haiko mambo ya karatasi tu. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye aflatoksini, 125 wakakufa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa mahindi kiwango cha Jumuiya ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, 5 kwa B1 peke yake. Gunia yenye 4 inapita, yenye 6 inarudishwa. Mama aliyelima anapoteza msimu, ao mtoto anakula uji mbaya, na katikati yao kuna degre chache ndani ya kisanduku.

Furu nyingi za HPLC zinajua kupasha tu, hazijui kupoza. Zile zenye bamba la Peltier zinaweza yote mawili. Kama yako ni ya kupasha tu, joto unayoagiza lazima ishinde ile ya chumba kwa degre 5 mpaka 10. Chukua Lubumbashi: mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi ya kweli, mwezi wa kumi mchana unapita 30 °C. Mtu anayeagiza 30 °C mwezi wa saba atafurahi. Mwezi wa kumi ile furu haitawala kitu tena, chumba njo kinatawala. Ndiyo maana watu wanapenda 40.

Kwenye kromatografia ya gazi mambo ni makali zaidi. Hapo ukipandisha degre 15 hivi, muda wa kutoka unakatika karibu nusu. James na Martin, walipoonyesha njia hii mwaka 1952, walizungusha kolona na mvuke wa kimiminika kinachochemka, ju kimiminika safi kikichemka joto haichezi. (Akili ya jiko kabisa.) Leo furu inapanda kwa programu, tuseme toka 50 °C mpaka 300 °C. Mambo mawili usisahau: gazi ipite kwanza ndani ya kolona kabla ya kupasha, ju oksijeni kwenye joto inaharibu kolona, na usisukume mashini mpaka ukutani, ju hewa ya moto inatokea nyuma.

Halafu kuna kurani. Ikikatika na kurudi, sikirini itaonyesha 40 haraka sana. Lakini ile ni joto ya chuma, haiko ya solvanti ndani ya kolona. Ngojea nusu saa angalau, piga etaloni mara mbili ao tatu, na kama dakika hazifanani bado, sampuli ya mkulima isubiri.

Na frigo je? Etaloni ikitoka kwenye 4 °C ukaipima palepale, wakati chumba kina 25 °C, asetonitrili iko imejikunja: kwa mililita moja unachota karibu 3 kwa mia zaidi ya ulichodhani. Iache ipate joto ya chumba, chupa ikiwa imefungwa ili unyevu usiingie, halafu fungua.

Mu kaye, karibu na kila matokeo, andika joto tatu: ya furu, ya chumba, ya frigo. Ile ya chumba usome kwenye kipimajoto cha ukutani, kisichokuwa karibu na dirisha wala nyuma ya furu.